Shimo la Choo Chetu

Juzi, katika chekechea moja ya Lodwar, niliona choo chenye tundu dogo linalomfaa mtoto, nikakumbuka choo chetu cha Kakuma.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto mdogo, mabati yalikuwa yanachoma na harufu ilinikaba koo. Chini ya lile shimo pana kitu kilikuwa kikivuma. Leo najua walikuwa nzi. Wakati ule niliamini ni watoto waliotumbukia. Mguu wangu uliteleza, nikazama hadi paja.

“Mama, wananivuta!”

Mama alinichomoa. Tangu hapo nilijizuia mpaka tumbo likavimba, nikawa nalia kwa maumivu. Baba akatafuta ubao, akautoboa tundu dogo, akauweka juu ya shimo.

“Haya, jaribu. Huwezi kuanguka tena.”

Nilichuchumaa, nikiwaonea huruma wale watoto. Sasa hawangeweza kutoka.