Vizibo vya Soda Kwenye Soli

Mama yangu ni kiongozi wa akina mama kanisani, na densi yoyote isiyo ya kanisa yeye huiita takataka. Nilishangaa alipokubali tuende Kibwezi kuona wanafunzi wa chuo wakirudia mchezo wa nyimbo ambao walimu wao waliwahi kuigiza zamani, ule wa kucheza kwa kugonga viatu sakafuni. Fundi wa viatu alikuwa amewapigilia vizibo vya soda kwenye soli.

Viatu vilipoanza kulia, ukumbi mzima ulisahau kwamba ulikuja kutazama. Huku kwetu, mchezaji akikufurahisha, makofi hayatoshi. Lazima uende ukampanguse jasho. Basi akina mama wakapanda jukwaani na leso zao, wakawapangusa vijana nyuso huku miguu bado inagonga, vigelegele juu yake. Mimi nilikasirika kabisa. Nimetoka Zombe asubuhi nione miguu, sasa naona migongo ya akina mama!

"Mwaitu," nikamwambia mama nikigeuka, "kwani hawa watu hawana adabu?"

Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Alikuwa jukwaani, leso mkononi, na hakuwa anampangusa mtu yeyote.

Jumapili iliyofuata tulimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu kila hatua yake kwenye ngazi za kanisa ilikuwa inalia. Pasta akamtazama miguuni.

"Soli zinaisha haraka siku hizi, pasta," mama akasema, akapita akigonga hadi kiti cha mbele.