Maji ya Swima, Vitanda vya Baraka

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kuchota maji yaliyoingia ndani ya pirogi, mtumbwi wenye injini, wa bosi mmoja wa mji wa Baraka. Alikuwa amepata watalii wake wa kwanza, mume na mke kutoka Bukavu, waliotaka kuona samaki wa rangi. Lakini mvua ya milimani ilijaza mto, mto ukamwaga tope ziwani, na mbele ya Baraka hapakuonekana kitu majini. Wageni wakasema basi, wanarudi kwao. Bosi akaelekeza chombo kijiji cha Swima, kwa washindani wetu, ambako tope halikufika.

Mvuvi mmoja wa huko akatupokea kwa kicheko. "Bandugu ya Baraka! Leo maji yenu imegeuka chai ya maziwa?"

"Cheka tu, ndugu yangu, lakini onyesha bageni," bosi akasema.

Akatupeleka kwenye miamba, injini ikazimwa. Niliinama. Chini kabisa mawe yalionekana waziwazi, na juu yake samaki wa manjano na wa buluu walipita makundi kwa makundi, kila mmoja na kivuli chake mchangani kati ya mawe. Nimezaliwa kando ya ziwa hili, na sikujua. Hata bosi, msifu Baraka mkubwa, aliinama kutazama.

Mke akauliza kama wanaweza kurudi kesho.

"Barudi," mvuvi akamwambia bosi. "Lakini huku balale wapi, juu ya mawe? Vitanda iko kwenu. Asubui ubalete."

"Na we ukuje jioni, ukule samaki mukeke ya kuchoma ya Baraka."

"Ya Baraka? Ile mukeke tunavua siye!"

Wageni hawakuwasikia. Walikuwa bado wameinama.