Mguu Tuliouchua

Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa, na mguu wake wa kushoto ulivimba bila yeye kuanguka. Hilo la kutoanguka alilisema mara tatu, na mara zote tatu tulimsikia.

Alikuwa Kisarawe kwa mama yangu, likizo ya katikati ya mwaka. Ulikuwa mwaka ambao misibani tuliambiwa marehemu alipata changamoto ya kupumua, na hakuna aliyeuliza zaidi. Wiki mbili kabla ya mguu, nyumba nzima ilikuwa imeugua mafua na homa. Mama aliwafukiza wote kwa zamu, blanketi juu, sufuria ya mwarobaini na mchaichai chini. Wakubwa walikohoa siku nyingi. Mtoto alipata homa siku mbili tu, akarudi kuruka kamba. Tukasema corona haina shida na watoto. Mimi pia nilisema.

Mama ni mchuaji. Mtaani kwake aliyeteguka haanzi zahanati, anaanzia barazani kwetu na chupa yake ya mafuta ya nazi. Amewachua wacheza mpira, wachoma mkaa na watoto waliodondoka kwenye mikorosho. Alipouona ule mguu alisema mshipa umejikunja kwa kuruka mno. Nilikuwa nimefika kutoka Misugusugu kumchukua mtoto, basi nikapewa kazi ya kumshika.

Nilimshika mabega jioni ile, na tena asubuhi. Mama alipandisha vidole gumba kutoka kifundoni hadi pajani. Mguu ulikuwa na joto kuliko mwenzake, ngozi imevutika na kuiva. Niliyaona yote hayo. Mtoto alilia.

“Mke mwenzangu, unalilia mafuta?” mama alimtania. “Ukija kuzaa itakuwaje?”

Baada ya chai tuliondoka kwa gari la jirani kumrudisha mtoto Misugusugu, mama akiwa nyuma ameupakata ule mguu. Tulipokaribia Kiluvya mtoto alisema kifua kinamchoma. Kisha akaacha kusema, akawa anavuta pumzi fupi fupi, midomo imebadilika rangi. Jirani aliiacha njia ya kwetu na kwenda moja kwa moja hospitali.

Daktari alikuwa dada mdogo wa umri. Aliipima miguu yote miwili kwa futi kamba, akauliza kama mtoto aliugua karibuni. Mafua tu, mama akajibu. Picha ya mguu ilionyesha donge la damu ndani ya mshipa. Ya kifua ilionyesha kipande cha donge kimekwama kwenye mshipa wa pafu. Kipimo cha corona kikasema ndiyo. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa ule unaweza kuigandisha damu mwilini, hata kwa mtoto, ingawa kwa watoto ni nadra. Nilimwomba arudie. Alirudia kwa maneno yale yale, na bado sikuyaamini.

Akauliza kama kuna mtu aliuchua.

“Ni mimi,” mama alisema. “Peke yangu. Huyu alikuwa hajafika.”

Sikuwahi kumsikia mama akidanganya kabla ya siku ile. Mtoto akaisogeza barakoa ya oksijeni.

“Bibi, si mjomba alinishika?”

Daktari alimrudishia barakoa. Hakutukaripia, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisema huenda kipande kile kingemeguka chenyewe na kupanda kifuani hata bila kuchuliwa, hawezi kujua. Ila mguu wa namna ile hauchuliwi.

Mtoto alichomwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, baadaye akapewa vidonge vya miezi kadhaa. Alipona. Lakini siku ile ya kwanza hatukuwa na hakika na lolote, na mama alimfuata daktari hadi mlangoni. Nilidhani anaomba msamaha. Alikuwa anauliza atautofautishaje mguu ulioteguka na huu, maana kesho kuna mtu atamletea mwanawe barazani. Daktari akamhesabia kwa vidole: joto, uvimbe wa upande mmoja, na mtoto ambaye hakuanguka.

Mama akarudi kwenye benchi nililokalia, akaniambia nipandishe suruali. Akaweka kiganja kimoja kwenye kila muundi wangu, akalinganisha joto, akaanza upya. Hakuminya.