Mgonjwa Aliyekataa Kupona

Ofisini walimwita Bubu, naye hakukasirika, maana hata kukasirika kunataka maneno. Kazi yake ilikuwa kuwapigia simu wagonjwa waliotoka hospitali, kuwajulia hali na kuingiza majibu kwenye kompyuta. Kila mgonjwa alipobadilika alipewa mstari mpya na tarehe yake: katoka wodini kapata nafuu, katoka kwenye nafuu kaugua tena, kapona, au kafariki. Chumba cha pili alikaa mtakwimu, binti mcheshi, akiisubiri mistari hiyo apige hesabu watu hukaa muda gani katika kila hali, na dawa ipi inawavusha.

Ajabu ni kwamba kwenye simu Bubu alikuwa na ulimi, hasa kwa mama mmoja mzee aliyekuwa na ugonjwa wa kifua.

"Leo umechelewa, mwanangu. Nilidhani mmeshanizika!"

Akishacheka, mama yule alikohoa kidogo, akasema kifua kimerudi, kisha akamuuliza Bubu kama amekula na kama amelala vizuri. Nyumbani kwa Bubu kulikuwa na kitanda, kiti na pazia. Vitu hivyo havikumuuliza chochote.

Asubuhi moja mtakwimu akachungulia mlangoni.

"Kaka, huyu mama yako ananivuruga. Leo nafuu, kesho kaugua, keshokutwa nafuu tena. Wenzake wanaotumia dawa mpya kama yeye hawarukiruki hivi. Hebu hakikisha, jioni nafunga hesabu."

"Sawa."

"Sawa tu? Ungekuwa unauza maneno, ungekufa njaa!"

Bubu akapiga.

"Mama, niambie kweli. Kifua kilikurudia lini?"

Kikaja kicheko, safari hii bila kikohozi.

"Hakijarudi, mwanangu. Kiliniacha zamani, mvua zilipoanza."

"Na kule kukohoa?"

"Uliniambia mwenyewe aliyepona hapigiwi tena. Wanangu hunipigia wakikwama. Wewe hunipigia kuniuliza nimeamkaje. Ningeponaje?"

Bubu alitaka kusema kwamba hata yeye hana mwingine wa kumuuliza. Badala yake akaugeukia mstari wake kwenye kompyuta.

"Lazima niandike umepona, mama. La sivyo dawa itaonekana haifai, na wenzako wataikosa."

"Andika. Mimi sina roho mbaya." Sauti ikashuka. "Basi ndiyo kwaheri?"

"Ndiyo utaratibu," akajibu Bubu, akajuta neno likiwa bado mdomoni. Simu ilikuwa imeshakatika.

Akafuta magonjwa yote ya uongo. Ikabaki mistari miwili tu: kapata nafuu, kisha kapona, mwanzo wa mvua.

"Sasa imetulia!" mtakwimu akapiga kelele kutoka chumba cha pili.

Kesho yake jina la mama yule halikutokea tena kwenye orodha ya kupigiwa. Bubu akawapigia waliobaki. Walimjibu kwa adabu, hawajambo, ahsante, wakakata.

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika simu yake mwenyewe. Alibonyeza namba, akaifuta, akaibonyeza tena. Ikaita.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama."

"Wa hospitali? Kuna nini tena, nimeumwa?"

"Hapana. Hospitali hawajui kama nimepiga. Nimepiga tu."

Upande wa pili Bubu akasikia kiti kikivutwa, kama mtu anayejiweka sawa ili akae.