Baiskeli Niliyoiona Nikiwa Mgongoni

Mpaka leo nikipita Musinzira, mtaa wa Gitega palipofanyika harusi, najifunika kitenge usoni, na aibu yenyewe nilijitafutia mwenyewe, mimi Dafroza wa Buhinyuza, mwenye darasa tatu za kambi ya wakimbizi Tanzania.

Miaka yote nilijua nani alituibia baiskeli ya baba wakati wa vita: Nestori, jirani yetu. Si nilimwona! Nyekundu, kengele inalia, anaisukuma huku anacheka. Chuki ikanikausha, nikaenda kwa dada Goreti, mshauri wa kituo cha afya Muyinga, akanigawia karatasi pande mbili, huku niandike niliyoyaona kwa macho, huku niliyosimuliwa (mwandiko wangu kama kuku kaparura), kisha akasema, "Mama Dafroza, hilo wazo usiliamini tu, lidai ushahidi. Muulize mtu aliyekuwepo."

Hakuniambia nisimuulize harusini.

Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa Gitega, na mjomba wa bwana harusi ni nani? Nestori huyo huyo! Tukakalishwa kwenye chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake, na kukataa mrija mbele ya wakwe ni kama kuwatemea mate. Nikajiambia nauliza kaswali kamoja tu, nimalize karatasi yangu, basi nikauchomoa mrija (msema chochote akanisogezea kipaza sauti, akidhani natoa hotuba) nikasema, "Kabla sijanywa na mwizi, nani alikuwepo Nestori akichukua baiskeli yetu?"

Bibi harusi akaangua kilio. Baba mkwe akasimama: "Kama sisi ni wezi, mchukueni binti yenu."

Shangazi Marta akanivuta. "We Dafroza, iko nini? Ulikuwa na miaka mitatu, mgongoni kwangu, tumeshavuka mpaka! Baiskeli aliiuza baba yako mdogo Lazaro, halafu kambini akamsingizia Nestori kila siku."

"Na kengele?"

"Kengele gani? Haikuwa na kengele!"

Nestori akatikisa kichwa. "Sha, dada yangu, mi mpaka leo sijui kuendesha baiskeli."

Watu wakacheka mpaka baba mkwe akaketi. Nikapiga magoti, Nestori akaniinua mwenyewe, ndoa ikapona.

Lazaro namtaja, na sijamsamehe. Ila namshukuru Mungu kwa Nestori, kwa shangazi, na kwa Goreti na karatasi yake. Na nimeapa: nikimkumbuka mtu kwa ubaya, nauliza kwanza nyumbani, mlango umefungwa.