Kioo Nilichokitundika kwa Mwinyi Athmani

Chekeni tu. Chuo nilikiacha mapema, lakini nyumba za Mvita nimezichungulia nyingi, basi nikajigamba kwa Mwinyi Athmani kwamba najua kupamba. Alikuwa akimwoza binti yake. Nikimpendezeshea ukumbi, ningepata kazi ya kudumu.

Ukumbi wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na sahani za kale ulikuwa na giza, maana njia ya kuingilia imepinda ili wapitao wasione wanawake ndani. Kioo kipya cha Ulaya nikakitundika pale konani, njia inapopinda. Mwanga ukaingia, sahani zikang'aa!

Nikatoka barazani kupokea sifa. Wazee walioketi pale na Mwinyi walikuwa wakitazama mlangoni. Kiooni, mke wa Mwinyi alikuwa akidokoa halua ya harusi.

"Shemeji, nasi tubakishie!" akasema nduguye Mwinyi.

"Yarabi! Nani katundika kioo hiki?" akamaka mke wa Mwinyi kule ndani.

Ndevu zote zikanigeukia.