Maji ya Wanja chini ya kitanda cha nne

Chubwi.

Wakuu, hiyo sauti bado iko kwa masikio yangu. Mopu yangu iligonga kitu chini ya kitanda, nacho kikajibu chubwi, kama tumbo la mbuzi aliyetoka kunywa. Hamjambo wote? Sitaongeza chumvi, niliyaona mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, hospitali moja Meru. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane huko Kaaga, nikapata kazi ya cleaner wodi ya watoto. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nesi tayari, hata kofia nilishajivisha. Msinicheke.

Kitanda cha nne alilala Wanja, miaka saba, kutoka Kiritiri, kule kukavu. Saratani ilikuwa imemfurisha taya mpaka jicho likaanza kufunga. Dawa iliuyeyusha uvimbe vizuri, ila Sister alisema lazima anywe maji mengi, figo zisiharibike. Drip ilishindikana, mishipa ilikuwa imechoka.

Kwa chart, Wanja alimaliza kila kikombe.

Lakini mkojo, kidogo tu. Daktari akasema kesho ukiwa hivyo, dawa inasimamishwa. Na dawa ikisimama uvimbe unarudi. Wodi nzima ilijua maana yake.

Ndipo ile chubwi ikanipigisha magoti. Nikavuta kibuyu alichoachiwa na cucu, nyanya yake, kimejaa maji pomoni.

"Wanja, haya maji ni ya nani?"

"Ya cucu. Atakuja Jumamosi."

"Na wewe?"

"Nilionja. Kwetu maji haimalizwi, auntie. Kwenu mnamalizanga?"

Watu wa Kiritiri mnaelewa. Mtoto aliyefuata maji na punda tangu ajue kutembea, atakunywaje yote cucu abaki na kiu?

Nikamwambia Sister. Akaangalia kibuyu, akaniangalia. "Sisi wote tumepita hapa na hatukuona. Haya, mnyweshe wewe."

Sikumgombeza mtoto. Nilimbeba mgongoni hadi bomba la nyuma, nikalifungua lote.

Tukasimama tu, tukiangalia.

"Itaisha saa ngapi?"

"Haiishi. Inatoka mlimani."

"Hata cucu akikuja na mbuzi zake?"

"Zije zote!"

Akacheka na upande mmoja wa mdomo. Akanywa kikombe. Akaomba kingine.

Asubuhi nilimpelekea daktari potty ya Wanja imejaa mkojo, nimeiinua kama kombe la shule, Sister nyuma yangu: "Wee! Usitumwagie!"

Dawa ikaendelea mpaka mwisho. Taya likarudi mahali pake.

Nesi wa cheti sikuwahi kuwa, wakuu, lakini siku hiyo nilikuwa. Nilijifunza kwamba kabla ya kumlazimisha mtoto mgonjwa, umuulize kwao kukoje. Nyinyi mliouguza watoto, mlikutana na nini? Andikeni, nasoma zote.

Ah, na siku Wanja aliporuhusiwa kwenda nyumbani, kabla cucu hajafika, nilienda bombani peke yangu. Nikajaza kile kibuyu hadi shingoni, nikakikaza na gunzi la mahindi.